Kuchuja, Kuchekecha na Kugida: Uhakiki wa Rasimu ya Mwongozo wa Udongo

Miongoni mwa rasimu zilizotufikia mezani ili istilahi zake zikaguliwe, imo moja ya kurasa chache, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza na kukusudiwa maafisa ugani na walimu wa sayansi wa kata ya Igurwa, wilayani Karagwe. Inaeleza jinsi ya kupata katika udongo wa shamba spora za kuvu zile ziishizo katika mizizi ya mimea na kuinufaisha. Mfasiri wake hatutamtaja, wala waliomtuma. Yeye ni mtu aliyeifanya kazi yake kwa bidii, na Kiswahili chake hakina dosari ya sarufi hata moja inayostahili kutajwa. Lakini mtu akiufuata mwongozo wake neno kwa neno, atazimwaga spora nje na kubaki na maji machafu ndani ya chupa. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo lilivyotokea, kwa kuwa twaona chanzo chake ni cha wengi, nasi waundaji wa istilahi tukiwamo.

Kwanza yafaa msomaji aijue kazi yenyewe. Mimea iliyo mingi duniani, pamoja na mgomba, mbuni, mhindi, mharage na mhogo, huishi kwa ushirika na kuvu za ardhini. Kuvu huingia ndani ya mzizi na kupewa sukari na mmea. Nayo hutandaza nyuzi zake udongoni, mbali kuliko vinyweleo vya mzizi viwezavyo kufika, na kuuletea mmea fosforasi. Kabichi na jamaa zake hazimo katika ushirika huo. Kuvu za aina hii ziingiazo katika mgomba na mbuni hazikubali kuoteshwa peke yake katika kisahani cha maabara kama kuvu nyinginezo, kwa sababu haziwezi kukamilisha maisha yake pasipo mzizi ulio hai. Kwa hiyo anayetaka kuzitambua, kuzihesabu au kuzizalisha huanza na spora zake, ambazo nyingi ni vidonge vya mviringo vyenye upana wa kati ya mikrometa 40 na nusu milimita, vilivyotapakaa katika mchanga, mfinyanzi na mabaki ya majani.

Njia inayotumika mpaka leo ilielezwa na J. W. Gerdemann na T. H. Nicolson mwaka 1963. Udongo, tuseme gramu 100, hukorogwa katika maji na kuachwa sekunde chache ili mchanga mzito uzame. Maji ya juu, ambayo bado yamezibeba spora, humiminwa polepole juu ya machekeche yaliyopangwa kwa ngazi, lenye matundu mapana likiwa juu na lenye matundu membamba likiwa chini. Baadaye watafiti waliongeza hatua nyingine, iliyokwisha kutumiwa kwa minyoo ya udongoni: kilichonaswa hutiwa katika mirija na kuzungushwa kwa kasi katika mashine, mara ya kwanza kwa maji matupu, mara ya pili kwa maji yaliyotiwa sukari karibu nusu kwa nusu. Katika maji matupu spora huzama na mabaki mepesi ya majani huelea. Katika maji ya sukari huelea spora zenyewe, na mchanga ndio unaozama. Msomaji aliweke jambo hilo akilini, kwani lote tutakalolisema juu ya vitenzi linalitegemea.

Tuanze na anwani. Rasimu inaitwa "Namna ya Kutoa Vimelea vya Fangasi Kwenye Udongo". Mkulima wa Igurwa ana kibanja, yaani shamba la migomba lililoizunguka nyumba, lenye mibuni na maharage katikati yake. Na nje ya vibanja iko rweya, mbuga ya nyasi, ambako hukatwa nyasi za kutandaza. Kibanja hicho kimeona misiba. Mwaka 1997 mnyauko wa mibuni, ugonjwa uletwao na kuvu ya jamii ya Fusari, ulithibitishwa mkoani Kagera, na dawa yake ilikuwa kung'oa mbuni na kuuchoma moto. Katikati ya miaka ya 2000 ukaingia mnyauko wa bakteria wa migomba, nao vilevile hauna tiba ila kukata, kung'oa na kufukia. Mtu aliyepitia hayo, akisoma kwamba ameletewa namna ya kutoa vimelea vya fangasi kwenye udongo, atafurahi sana, maana ataelewa kwamba ugonjwa umepatiwa dawa. Ataulizia bei yake. Ndiyo maana ya Kiswahili ya maneno hayo: magugu hutolewa shambani, jino bovu hutolewa kinywani, na kimelea hutolewa mwilini. Rasimu ilitaka kumwambia kinyume chake kabisa.

Mfasiri alijitetea kwamba "kimelea" kimetokana na kumea, na kwamba kitu kinachomelea mahali si lazima kiwe kibaya. Hoja yake ni ya kweli katika asili ya neno na si ya kweli katika matumizi. Kamusi zimekwisha kulifunga neno hilo kwa maana ya kiumbe kinachoishi kwa kumnyonya mwenyeji wake. Zahanati zinasema vimelea vya malaria. Hakuna kimelea rafiki. Istilahi haipimwi kwa mzizi wake tu. Hupimwa kwa picha inayomjia msomaji anapoisikia mara ya kwanza, naye hana kamusi mkononi.

Neno "fangasi" nalo lina harufu ya ugonjwa, wa miguuni hasa. Sisi twapendelea kuvu, neno la zamani ambalo vitabu vya sayansi vimekwisha kulipa maana pana. Hata hivyo tusijidanganye kwamba kuvu ni safi. Mkate ukikaa hufanya kuvu, na tangu maafa ya mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, neno sumukuvu limeenea nchini pote pamoja na hofu yake. Wako wanaoshauri iandikwe "kuvu rafiki", kwa mfano wa wadudu rafiki wa mabwana shamba. Katika dibaji ya mwongozo hatuna pingamizi. Katika orodha ya istilahi tunalo, kwa sababu urafiki huo una masharti: shamba likijazwa mbolea ya fosforasi, mmea huacha kuhitaji ushirika na kuvu hupungua. Sifa inayobadilika kwa hali ya shamba haifai kuwa sehemu ya jina.

Ushirika wenyewe uitweje? Jina la kimataifa liliundwa na A. B. Frank wa Ujerumani mwaka 1885 kwa maneno mawili ya Kiyunani, kuvu na mzizi. Rasimu imeandika "mikoriza" mahali pengi na "kuvumzizi" mahali pawili, ikiyatumia yote mawili kwa maana ya kuvu yenyewe. Hapa pana kosa dogo lakini la kufundisha. Katika Kiyunani na Kijerumani neno kuu la mwambatano huja mwisho, hivyo jina la Frank lataja mzizi, yaani mzizi wenye kuvu. Katika Kiswahili neno kuu huja mwanzo: kanieneo ni kani, sumukuvu ni sumu, mwanasheria ni mwana. Anayefuata mpangilio wa Kiyunani akasema kuvumzizi amekwisha kugeuza kitu kinachotajwa. Tunapendekeza "mzizikuvu" kwa ule mzizi ulioingiwa na kuvu wakawa kitu kimoja, na "kuvu ya mizizi" kwa kiumbe chenyewe. Mikoriza ibaki kama kisawe kwa wale watakaosoma vitabu vya nje.

Juu ya spora tutasema kwa ufupi. Rasimu imeziita mbegu, vijidudu na spora, wakati mwingine katika ukurasa mmoja. Vijidudu haifai kabisa. Mbegu ingevumilika, isipokuwa wakulima wa uyoga wamekwisha kulitwaa neno hilo: wao hununua "mbegu za uyoga", ambazo si spora bali ni nyuzi za kuvu zilizooteshwa juu ya nafaka, na huzipanda katika mifuko ya majani makavu. Mwalimu wa Igurwa akiambiwa mbegu, atataka kupanda katika mfuko, na haitaota kitu, kwa kuwa hapana mzizi. Spora itumike, katika ngeli ya i-/zi-, na ielezwe mara moja mwanzoni.

Sasa tufike kwenye vitenzi, ambavyo kwa desturi yetu hatuvishughulikii vya kutosha. Orodha nyingi za istilahi zilizotolewa nchini zimejaa nomino. Mtafsiri hupewa jina la chombo, jina la kiumbe na jina la ugonjwa. Kitendo huachiwa akili yake, kana kwamba kila mtu ajua kuchuja ni nini.

Kila mtu ajua, na hapo ndipo penye taabu. Kuchuja kwa mpishi ni kuchuja tui au chai: kinachopita ndicho kinachotakiwa, kinachobaki ni machicha. Wanaotengeneza rubisi huko Karagwe hukamua ndizi mbivu kwa nyasi, wakachuja. Maji ya ndizi yakapita, nyasi na makapi yakatupwa. Lakini katika ofisi zetu kitenzi kilekile kimepinduka. Timu iliyochujwa imetoka mashindanoni, na mgombea aliyechujwa amerudi nyumbani. Tui lililochujwa latakiwa, mgombea aliyechujwa hatakiwi. Kwa hiyo mtu anapoandika "kilichochujwa", ameandika neno lisiloweza kumwambia msomaji ashike kipi. Rasimu inasema hivi: "Chuja mchanganyiko kwa chujio kubwa, kisha chuja tena kwa chujio dogo. Chukua kilichochujwa uweke kwenye chupa."

Niliwasomea maneno hayo wenzangu watatu wa ofisini, mmoja wao akiwa mama anayetupikia chai, nikiwa nimeweka mezani kichujio na bakuli. Wote watatu walionyesha bakuli la chini. Nilipomuuliza mama kwa nini, alinijibu, "Mwanangu, majani ya chai nani huyanywa?" Hakuna hoja ya kitaalamu inayoweza kulishinda jibu hilo. Spora zilikuwa zimebaki katika wavu.

Kuchekecha ni kitenzi kingine, wala si kisawe cha kuchuja ingawa kamusi ndogo huvielezana kimoja kwa kingine. Unga ukichekechwa, unaopita ndio wa ugali na wishwa hubaki. Mchele ukichekechwa, chenga hupita na mchele mzima hubaki. Kitenzi hiki basi hakina upande. Hutaja tendo la kutenga kwa ukubwa, na hungoja aambiwe mtu kipi kishikwe. Kwa kazi yetu hiyo ni sifa njema, maana katika ngazi ile ya machekeche mtu hushika vya pande zote mbili kwa zamu: katika chekeche la juu hushika kinachopita na kutupa mawe na vipande vya mizizi, katika chekeche la chini hushika kinachobaki na kuacha maji yaende. Kuchuja tungelihifadhi kwa kazi ya mwisho tu, pale maji yanapopitishwa katika karatasi.

Kupepeta kuna upande: kinachobaki unguni ndicho chakula, kilichopeperuka ni makapi. Kuengua kwategemea chungu. Povu la mchuzi huenguliwa likatupwa, malai ya maziwa huenguliwa yakaliwa. Kitenzi kinachotufaa zaidi katika hatua ya kwanza, nacho kimesahauliwa na wengi, ni kugida. Mgema hugida tembo, yaani hulimimina polepole kutoka chombo kimoja hadi kingine, akayaacha masimbi chini. Kinachotoka ndicho kitakiwacho, kizito kilichotuama huachwa. Hivyo ndivyo afanyavyo mtu mwenye ndoo ya udongo uliokorogwa, anapouacha mchanga utue kisha akayapeleka maji na spora zake juu ya chekeche. Hatukuwa na haja ya kuunda neno, lilikuwapo minazini.

Mwenzetu mmoja alipinga, na pingamizi lake ni zito. Alisema kwamba Karagwe hakuna wagema wa mnazi, na kwamba Kiswahili cha huko kimejifunzwa shuleni zaidi kuliko pwani. Mwalimu wa Igurwa hatajua kugida zaidi ya anavyojua neno la Kiingereza. Tumelazimika kukubali nusu. Mwongozo humtumikia msomaji wa leo, kwa hiyo humo iandikwe "mimina polepole, ukiuacha mchanga chini". Orodha ya istilahi humtumikia mfasiri ajaye, kwa hiyo humo iandikwe gida, pamoja na maelezo. Si kila istilahi iliyo sahihi inapaswa kuingizwa kwa nguvu katika kila karatasi. Istilahi nyingi zilizoandaliwa wakati wa matumaini ya miaka ya 1980, Tume ya Makweta ilipopendekeza Kiswahili kifundishie sekondari, zilibaki kabatini kwa sababu pendekezo lenyewe lilikataliwa, na neno lisilotumika haliwezi kufundishwa kwa amri.

Kumimina kwenyewe kutofautishwe na kumwaga. Rasimu inatumia kumwaga kila mahali: mwaga udongo kwenye ndoo, mwaga maji juu ya chekeche, mwaga maji ya juu. Kiswahili hapa ni tajiri kuliko mfasiri alivyokumbuka, kwa kuwa kinachomiminwa kinakwenda mahali na kinachomwagwa kimepotea. Tofauti hiyo ikishikwa, nusu ya mwongozo inajieleza yenyewe.

Kosa kubwa kuliko yote liko katika hatua ya mashine. Mrija unapotoka mashineni una tabaka mbili. Rasimu imeiita ya juu "maji safi" na ya chini "uchafu". Katika mzunguko wa kwanza majina hayo yanamdhuru msomaji, kwa maana spora zimo katika huo uitwao uchafu, naye ataumwaga. Katika mzunguko wa pili yanamdhuru tena kwa namna nyingine, maana sasa spora zimo katika hayo yaitwayo maji safi, na mtu mwenye kutafuta vidonge vya udongoni hataona sababu ya kuyahifadhi maji safi. Mfasiri ameita vitu kwa thamani, ilhali thamani inageuka katikati ya kazi. Vingeitwa kwa mahali vilipo, "maji ya juu" na "mashapo", visingegeuka. Kanuni hii tungependa iingie katika miongozo yetu ya uundaji: kitu kinachobadilika hadhi katika mchakato kipewe jina la mahali, umbo au uzito wake, kisipewe jina la faida.

Juu ya ukubwa wa machekeche, "chujio kubwa" na "chujio dogo" havisemi kama ukubwa ni wa fremu au wa matundu. Aidha namba zinazopigwa chapa katika machekeche ya Marekani huongezeka kadiri matundu yanavyopungua; namba 60 lina matundu ya mikrometa 250, na namba 325 lina matundu ya mikrometa 45. Iandikwe mikrometa peke yake. Mashine yenyewe tumeiita "mashine ya kuzungushia mirija", jina refu lakini lisilohitaji maelezo.

Kwa kufuata yaliyosemwa, sehemu ile ya rasimu tumeiandika upya hivi:

"Koroga gramu 100 za udongo katika lita moja ya maji. Acha utue kwa sekunde kumi. Mimina polepole maji ya juu katika machekeche, ukiuacha mchanga chini ya ndoo. Rudia mpaka maji yawe meupe. Kilichobaki katika chekeche la juu, lenye matundu ya mikrometa 710, kitupe. Kilichobaki katika chekeche la chini, lenye matundu ya mikrometa 45, ndicho chenye spora. Kioshe na kukitia katika mirija pamoja na maji. Zungusha kwa dakika tano. Mwaga maji ya juu, bakiza mashapo. Tia maji ya sukari juu ya mashapo, tikisa, zungusha kwa dakika moja. Sasa spora zimeelea: mimina maji ya juu katika chekeche la mikrometa 45, na mashapo yatupe. Osha spora mara moja kwa maji mengi, kwa kuwa sukari huzinyonya maji zikasinyaa."

Maneno hayo tuliyasoma tena mbele ya mama wa chai, tukiwa na machekeche mawili na bakuli. Alinyoosha kidole kwenye wavu wa chini, kisha akauliza kwa nini tunaitupa sukari nzuri namna hiyo.

Rasimu imerudishwa kwa mfasiri pamoja na maoni haya, naye ameyapokea isipokuwa mzizikuvu, analoliona zito mdomoni. Limebaki jambo moja tunalowaomba wasomaji walioko Karagwe na Kyerwa watusaidie. Mpishi mwenye mchele wa changarawe huutia katika maji, akautikisa, kisha akaumimina mchele pamoja na maji katika chombo cha pili, changarawe zikabaki katika cha kwanza. Tendo hilo ni lilelile la Gerdemann na Nicolson, na hufanywa majikoni kila siku. Tungependa kuandikiwa kitenzi ambacho akina mama wa huko hukitumia kwa tendo hilo, kwa Kiswahili au kwa Kinyambo, pamoja na sentensi moja ya mfano, kabla orodha ya istilahi za udongo haijafungwa.